ISTILAHI ZA KUPATWA KWA JUA: MAFUNZO YA UBARUKU NA RUJEWA

Utangulizi

Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, kivuli cha mwezi kilipita juu ya Tanzania kutoka upande wa Ziwa Tanganyika hadi mpaka wa Msumbiji. Wilaya ya Mbarali, katika Mkoa wa Mbeya, ilikuwa ndani ya ukanda wa kivuli hicho. Huko Rujewa, yaliko makao makuu ya wilaya, palikusanyika umati wa watu, wakiwamo wanafunzi wa shule na wageni waliotoka mbali, ili kulitazama jua likipatwa. Ubaruku, mji wa wakulima wa mpunga ulio jirani na Rujewa katika Bonde la Usangu, nao ulikuwa chini ya kivuli hicho hicho.

Makala haya hayakusudii kusimulia habari za siku ile. Yanakusudia kuyachunguza maneno yaliyotumika na yanayoendelea kutumika katika kueleza jambo hilo kwa Kiswahili, na kuuliza kama maneno hayo yanatosha kumwongoza mzazi, mwalimu na mtoto pasipo hatari. Swali hili si la kupitisha wakati. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, na sehemu tu ya tukio hilo itaonekana katika Afrika ya Mashariki. Na siku ya Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, ukanda wa namna ile ile ya mwaka 2016 utapita tena juu ya Tanzania, baada ya kupita Angola, Zambia na Kongo. Matangazo ya siku hizo yataandikwa kwanza katika lugha za kigeni, kisha yatatufikia sisi watafsiri ili tuyageuze. Kwa hiyo yafaa tuyapime maneno yetu mapema.

Bonde la Usangu ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Mbali na Wasangu ambao ndio wenyeji, wapo huko Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine waliofuata mpunga na malisho. Tangazo linalowahusu wote hao haliwezi kutolewa isipokuwa kwa Kiswahili. Neno likiwa na walakini, walakini huo huwafikia wote kwa pamoja.

Jambo lenyewe

Ni vigumu kulipa jambo jina lililo sawa kabla ya kulielewa. Basi na tuanze na jambo lenyewe kwa ufupi.

Kipenyo cha jua ni kikubwa kuliko kipenyo cha mwezi kwa mara 400 hivi. Lakini jua nalo liko mbali nasi kuliko mwezi kwa karibu mara 400 hizo hizo: mwezi uko umbali wa wastani wa kilometa 384,400, na jua liko umbali wa kilometa milioni 150. Kwa sababu hiyo, tukivitazama kutoka hapa Duniani, vyote viwili huonekana karibu sawa kwa ukubwa. Mwezi ukipita katikati ya Dunia na jua, waweza kulifunika jua lote.

Hata hivyo, njia ya mwezi kuizunguka Dunia si duara kamili. Kuna siku mwezi huwa karibu zaidi na kuna siku huwa mbali zaidi. Ukipita mbele ya jua ukiwa karibu, hulifunika lote. Ukipita ukiwa mbali, huonekana mdogo kuliko jua, na ukingo wa jua hubaki ukiuzunguka pande zote kama pete ya moto. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016. Mahali tukio lilipofikia kilele chake, kusini mwa Tanzania, kipenyo cha mwezi kilionekana kuwa kama sehemu 97 katika 100 za kipenyo cha jua, na pete ilidumu kwa dakika 3 na nukta chache. Upana wa ukanda ulioiona pete ulikuwa kilometa 100 hivi. Watu waliokuwa nje ya ukanda huo waliliona jua kama mwezi mchanga, lakini pete hawakuiona.

Mwalimu asiye na kifaa chochote aweza kulieleza jambo hili kwa sahani na sarafu. Aiegemeze sahani ukutani, naye mtoto asimame umbali wa hatua nne. Mtoto afumbe jicho moja na kuisogeza sarafu karibu na jicho la pili hadi sahani isionekane kabisa. Kisha anyooshe mkono polepole. Punde si punde ukingo wa sahani utajitokeza kuizunguka sarafu pande zote. Hapo mtoto amekwisha kuelewa tofauti ya kufunikwa kabisa na kubakizwa pete, hata kabla ya kutajiwa istilahi yoyote.

Neno "kupatwa"

Kiswahili kinasema jua "limepatwa" au mwezi "umepatwa". Neno hili ni la kale, nalo linaeleweka pwani na bara. Ni kauli ya kutendwa ya kitenzi "pata", na kwa kawaida husemwa bila kumtaja mtendaji. Mtu akisema "nimepatwa", msikilizaji huuliza, "Umepatwa na nini?" Lakini akisema "jua limepatwa", hakuna anayeuliza. Neno limekwisha kujitosheleza na kuwa istilahi.

Pamoja na uzuri wake, neno hili lina jambo moja la kuangaliwa. Jua likipatwa, kinacholipata ni mwezi unaopita mbele yake. Mwezi ukipatwa, kinachoupata ni kivuli cha Dunia. Haya ni mambo mawili yasiyofanana, ingawa kitenzi ni kimoja. Kupatwa kwa mwezi kwaweza kutazamwa usiku kucha kwa macho matupu bila madhara yoyote. Kupatwa kwa jua kwaweza kupofusha. Kwa hiyo katika tangazo lolote yafaa kutaja kila mara kilichopatwa, wala tusiandike "kupatwa" peke yake kwa kudhani kwamba msomaji atajaza mwenyewe.

Katika maandishi ya dini ya Kiislamu hutumika pia neno "kusufu", hasa katika kutaja sala inayosaliwa wakati huo. Neno hilo lina mahali pake nalo lihifadhiwe. Ama kwa matumizi ya shule na ofisi, "kupatwa" latosha.

Kikamili, kisehemu, kipete

Mwaka 2016 matangazo mengi ya Kiswahili yalitumia maneno "kupatwa kwa jua kipete". Dkt. Noorali Jiwaji, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliowaeleza wananchi jambo hilo kabla ya siku yenyewe. Neno "kipete" likaenea katika magazeti na redio.

Wako wanaoweza kulitilia shaka neno hili kwa kudhani kwamba ni udogo wa "pete", kama vile "kijiti" kilivyo udogo wa "mti". Shaka hiyo haina msingi. Kiambishi "ki-" hapa si cha udogo bali ni cha namna, kama katika "kula kizungu", "kuvaa kiume" au "kupigana kishujaa". Jua hupatwa "kipete", yaani kwa namna ya pete. Ni muundo wa Kiswahili hasa. Tena unaturuhusu kuziunda istilahi zote za kundi hili kwa kanuni moja: jua hupatwa kikamili, hupatwa kisehemu, au hupatwa kipete. Istilahi zinazofuata kanuni moja hukumbukwa kwa urahisi, na hiyo ni sifa mojawapo ambayo Baraza limeitafuta tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Ipo na namna ya nne, ambayo hutokea kwa nadra. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kipete kwa muda mfupi juu ya Bahari ya Atlantiki, kisha njia ilipoendelea likapatwa kikamili, na watu wa Pakwach katika Uganda wakaliona likifunikwa lote kwa muda wa nukta chache. Tukio la namna hii laweza kuitwa kupatwa "mseto". Neno hilo linajulikana kwa wakulima na kwa wapishi, nalo lina maana ile ile inayotakiwa, yaani vitu viwili kuchanganywa mahali pamoja.

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Tofauti ya "kikamili" na "kipete" si ya kupamba maneno, bali ni tofauti inayohusu macho ya watu. Jua linapopatwa kikamili, kwa muda wa dakika chache linapokuwa limefunikwa lote, mtu aweza kulitazama kwa macho matupu. Linapopatwa kipete, hakuna hata nukta moja iliyo salama. Pete ya mwaka 2016 ilibakiza kama sehemu 5 katika 100 za eneo la jua. Mtu aweza kufikiri kwamba sehemu 5 ni kidogo. Lakini jua hung'aa kuliko mwezi mpevu kwa mara 400,000 hivi. Sehemu 5 katika 100 za mng'ao huo bado ni kama miezi mipevu 20,000 iliyokusanywa katika ukingo mwembamba.

Tena ndani ya jicho, pale taswira inapoangukia, hapana mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu huungua bila kujua, na huja kutambua baadaye anapoona doa katikati ya kila anachokitazama. Basi tuchukue mfano wa mtafsiri aliyepata maelezo yasemayo kwamba wakati wa kilele cha kupatwa kikamili watu wanaweza kuvua miwani yao. Akiyatafsiri kwa kuandika tu "wakati wa kilele cha kupatwa kwa jua", maelezo hayo yakafika mahali ambapo jua linapatwa kipete au kisehemu, atakuwa amewaambia watoto watazame moto. Hatari hii ndiyo itakayotukabili mwaka 2027. Tarehe 2 Agosti ya mwaka huo jua litapatwa kikamili katika Misri, katika Makka na Jeddah, na katika ncha ya Somalia. Lakini kwetu litapatwa kisehemu tu. Maelezo yatakayoandikwa kwa ajili ya watu wa Luxor hayafai kwa watu wa Tanga wala wa Mombasa, hata yakitafsiriwa kwa ufasaha namna gani.

Maneno ya tahadhari

Mbali na jina la tukio, yako maneno mengine manne yanayohitaji uangalifu wa mtafsiri.

La kwanza ni "miwani ya jua". Kwa mazoea ya Kiswahili, miwani ya jua ni ile miwani nyeusi ivaliwayo barabarani ili kupunguza ukali wa mwanga. Miwani hiyo haifai hata kidogo kulitazamia jua. Miwani inayofaa hupitisha mwanga usiozidi sehemu moja katika 30,000, na mtu akiivaa haoni kitu kingine chochote isipokuwa jua. Tangazo lisemalo "vaeni miwani ya jua" ni tangazo la kuwapoteza watu. Napendekeza tuseme "miwani ya kutazamia jua", na pale nafasi inaporuhusu tuongeze kwamba miwani nyeusi ya kawaida haifai.

La pili ni kitenzi "angalia". Kitenzi hiki kina maana mbili zinazopingana katika mazingira haya. "Angalia jua" kwaweza kuwa amri ya kulitazama jua, na kwaweza kuwa onyo la kujihadhari nalo, kama vile tunavyosema "angalia gari". Katika maandishi ya tahadhari yafaa kukiacha kitenzi hiki kabisa. Tuseme "tazama" na "usitazame", na tunapotaka kuonya tuseme "jihadhari".

La tatu ni saa. Maelezo ya wanaanga hutolewa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika ya Mashariki kwa saa tatu. Mwaka 2016 kilele cha tukio kilikuwa saa 9.07 kwa hesabu hiyo ya kimataifa. Mtafsiri asiyekuwa mwangalifu angeweza kuandika saa 9 alasiri. Ukweli ni kwamba ilikuwa saa 6 na dakika 7 mchana. Kule Mbarali tukio lilianza baada ya saa 4 asubuhi, pete ikaonekana karibu na saa 6, na yote yakamalizika kabla ya saa 8 mchana. Familia iliyotembea kwa miguu kutoka shambani na kufika saa 9 alasiri ingelikuta jua zima. Mtafsiri hana budi kufanya hesabu mara mbili: kwanza kuongeza saa tatu, kisha kuigeuza kuwa saa ya Kiswahili. Naye aandike kila mara neno asubuhi, mchana au alasiri.

La nne ni asilimia. Kusema kwamba jua litapatwa "kwa asilimia 97" hakutoshi, kwa kuwa haijulikani ni asilimia ya nini. Ikiwa ni ya kipenyo, basi eneo lililofunikwa ni asilimia 95 tu. Wanasayansi hutumia vipimo vyote viwili. Mtafsiri ataje kipimo alichokikuta: "asilimia 97 ya kipenyo" au "asilimia 95 ya eneo".

Jina la elimu yenyewe

Mkutano wa wananchi kama ule wa Rujewa, au ule unaofanywa jioni katika viwanja vya chuo kikuu ambapo wazazi huja na watoto wao kutazama mwezi na sayari kwa darubini, hauna budi kuwa na jina katika tangazo lake. Hapo ndipo linapotokea swali gumu: elimu hii inaitwaje?

Kwa muda mrefu elimu ya mwendo wa nyota na elimu ya kubashiri kwa nyota zimeitwa kwa jina moja, "unajimu". Siku hizi mtu akisema "mnajimu", wengi humfikiria mtabiri anayeeleza bahati na nuksi za watu magazetini. Mzazi akisoma kwamba chuo kinawaalika watoto katika "usiku wa unajimu", aweza kuwazuia watoto wake nyumbani, na hatuwezi kumlaumu.

Neno "falaki" lina heshima zaidi. Katika Kiarabu lilikotoka lina maana ya elimu ya mianga na njia zake, na pwani hutumika katika hesabu za miezi, nyakati za sala na mwendo wa vyombo baharini. Lakini nalo halikusalimika, maana "kupiga falaki" ni kuagua. Neno "astronomia" ni geni, ila lina faida moja: halijawahi kutumiwa na waaguzi.

Maoni yangu ni haya. "Unajimu" liachwe kwa maana ya kubashiri, ambayo ndiyo maana yake ya sasa kwa watu wengi. "Astronomia" litumike kwa somo la shule na chuo. "Falaki" lihifadhiwe kwa elimu ya kale ya kalenda na ya mabaharia, kwa kuwa ni elimu halisi yenye historia yake. Ama katika kuwaalika wananchi, hapana haja ya kutaja hata mojawapo ya haya. "Jioni ya kutazama nyota" au "siku ya kutazama jua" hueleweka na mtoto wa darasa la kwanza.

Majina ya magimba ya angani

Mikutano ya namna hii haimalizikii kwenye jua tu. Watoto huuliza habari za sayari, za nyota na za vimondo. Hapa pia pana mambo matatu yanayopaswa kunyooshwa.

Kwanza, sayari iliyo karibu zaidi na jua katika baadhi ya vitabu imeitwa "Zebaki". Chanzo cha jina hilo ni rahisi kukiona: katika lugha ya Kiingereza sayari hiyo na madini ya zebaki vina jina moja, na mtafsiri akachukua jina la madini. Sayari hiyo ina jina lake la siku nyingi katika Kiswahili, nalo ni Utaridi. Vivyo hivyo kuna maandishi yanayoiita Neptuni "Kausi". Kausi ni jina la buruji, yaani mojawapo ya makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua hupita mbele yake kwa mwaka. Haiwezekani jina hilo liwe pia la sayari ambayo wazee wetu hawakuweza kuiona kwa macho. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yenye asili na yabaki hivyo. Uranusi na Neptuni, zilizogunduliwa kwa darubini, yafaa ziitwe kwa majina ya kimataifa yaliyotoholewa.

Pili, neno "kimondo" limebeba mambo mawili. Ni ule mwanga upitao kasi angani usiku, na ni lile pande linaloanguka na kubaki ardhini. Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua jambo la pili vizuri kuliko wengine. Kimondo cha Mbozi, ambacho leo kiko katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Jina hilo limezoeleka nchi nzima na halifai kubadilishwa. Lakini katika vitabu vya sayansi, ambamo tofauti inatakiwa, mwanga uitwe "kimondo" na pande lililoanguka liitwe "pande la kimondo".

Tatu, tusisahau kwamba wakulima walikuwa na elimu yao ya anga kabla ya darubini kufika. Kile kishada cha nyota ndogo kiitwacho Kilimia kimepata jina lake kutokana na kitenzi "lima", kwa sababu kuonekana na kupotea kwake kulihesabiwa pamoja na majira ya kilimo. Mbali kabisa kusini, Waxhosa na Wazulu hukiita isiLimela, kwa shina lile lile. Mwalimu wa Ubaruku anayefundisha watoto wa wakulima wa mpunga hana haja ya kuanza na majina ya Kigiriki. Aanze na Kilimia, awaulize watoto jina lake katika lugha za nyumbani kwao, kisha aendelee mbele. Kanuni yetu ya kuunda istilahi inatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa mbali. Kanuni hiyo haina maana ikiwa watoto hawaulizwi.

Njia zisizohitaji kifaa

Huenda ikaonekana kwamba maelezo ya vitendo si kazi ya jarida la istilahi. Lakini maelezo ya vitendo ndiyo yanayotafsiriwa mara nyingi kuliko yote, na ndiyo yanayokosewa mara nyingi zaidi.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutolitazama jua lenyewe bali taswira yake. Toboa tundu dogo katika kipande cha karatasi ngumu, lipe jua mgongo, acha mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyeupe iliyo chini. Utaona jua dogo likiwa limemegwa jinsi lilivyo angani. Chekecheke la jikoni hutoa taswira nyingi kwa mara moja. Chini ya mwembe, kila mwanya uliopo kati ya majani hufanya kazi ya tundu, na ardhi hujaa pete au hilali. Katika kutafsiri maelezo haya, tusiandike "tazama kupitia tundu", kwa maana mtoto ataliweka tundu jichoni. Tuandike "tazama mwanga uliopita tunduni".

Zipo njia zilizozoeleka ambazo hazifai: filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, na kulitazama jua ndani ya beseni la maji. Maji hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, lakini hata hiyo ni nyingi mno kwa jicho. Darubini isiyo na kichujio mbele yake ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa hukusanya mwanga na kuutia jichoni kwa pamoja.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Kupatwa kwa jua kikamili: hali ya jua lote kufunikwa na mwezi.

Kupatwa kwa jua kisehemu: hali ya sehemu ya jua kufunikwa na mwezi.

Kupatwa kwa jua kipete: hali ya mwezi kupita katikati ya jua na kuacha ukingo unaouzunguka pande zote.

Kupatwa kwa jua mseto: tukio ambalo katika njia yake mahali pengine huwa kipete na pengine huwa kikamili.

Kivuli kikuu: sehemu ya kivuli cha mwezi ambayo aliyemo haoni jua kabisa.

Kivuli hafifu: sehemu ya kivuli ambayo aliyemo huona sehemu ya jua.

Kivuli cha kipete: sehemu ya kivuli iliyo mbele ya ncha ya kivuli kikuu, ambayo aliyemo huona pete.

Ukanda wa kupatwa: nchi inayopitiwa na kivuli kikuu au kivuli cha kipete.

Miwani ya kutazamia jua: miwani maalumu yenye kichujio cha kuzuia karibu mwanga wote.

Kichujio: kitu kinachowekwa mbele ya jicho au darubini ili kupunguza mwanga.

Darubini: chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali. Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo mno. Maneno haya mawili yasibadilishane.

Gimba la angani: jina la jumla la jua, mwezi, sayari, nyota na vinginevyo vilivyo angani.

Nyotamkia: gimba lenye mkia wa mwanga linalozunguka jua.

Buruji: mojawapo ya makundi kumi na mawili ya nyota yaliyo katika njia ya jua.

Hitimisho

Mwaka 2016 wananchi wa Mbarali walilitazama jambo ambalo watu wa nchi nyingine husafiri maelfu ya kilometa kulitazama, na walielezwa kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la kutia moyo. "Kipete" ni ushahidi kwamba neno linaweza kuingia katika matumizi ya watu wote kwa muda mfupi, mradi limeundwa kwa kufuata tabia ya lugha na limetolewa wakati linapohitajiwa.

Kazi iliyobaki ni kuzifikisha istilahi hizi shuleni, katika ofisi za wilaya na katika vyumba vya habari kabla ya tarehe 2 Agosti 2027, na kuzihakiki tena kabla ya tarehe 21 Mei 2031. Walimu wa Nyanda za Juu Kusini wanaombwa kukusanya majina ya nyota na ya kupatwa kwa jua katika lugha za huko, wakiandika jina, maana yake na mahali lilipopatikana, na kuyaleta Barazani. Watafsiri nao wanaombwa wasitoe tangazo lolote la kupatwa kwa jua bila kujibu maswali matano: limepatwa nini, kwa namna gani, wapi, saa ngapi kwa saa yetu, na macho yalindwe kwa kitu gani.